Fito za Mwaka Kesho

Kila alfajiri Edina alichemsha maji ya kuoga ya baba mkwe wake, akayatia kwenye ndoo, akayapeleka mpaka kwenye jiwe lililokuwa mlangoni pa bafu la uani. Akishaiweka ndoo alikohoa, kisha akarudi jikoni upesi bila kugeuka. Mzee Damiano alingoja chumbani mwake mpaka asikie mlango wa jiko ukilia, ndipo naye akakohoa na kutoka.

Ndivyo walivyoishi tangu Edina aolewe pale Chapwa, Tunduma. Mzee alitoka Ileje, na kwa Wandali wa rika lake mkaza mwana hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, wala hamtaji jina, na mkwe naye ni hivyo hivyo. Haukuwa ugomvi. Ilikuwa heshima, na mzee aliishika kama alivyoshika sala. Vijana wa Tunduma waliicheka. Lusajo, mume wa Edina, aliicheka pia, lakini mbele ya baba yake hakuthubutu. Maneno yote baina ya wawili hao yalipita kwa mama mkwe, Mama Aida, ambaye aliyapokea huku, akayatia chumvi kidogo njiani, akayafikisha kule.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa Machi ndoo ilichelewa kufika kwenye jiwe. Edina alikuwa katikati ya uwanja geti lilipogongwa kama linataka kuvunjwa.

"Hodi! Mzee Damiano! Hodi humo ndani, greda limefika!"

Mzee alitoka chumbani mbio, taulo begani, akidhani ni msiba. Edina hakuwa na pa kukimbilia. Alijifunika kanga kichwani, akageukia ukuta wa jiko na kubaki hivyo, ndoo ya maji ya moto mkononi, mvuke ukimpanda usoni.

Aliyekuwa akigonga ni Yonasi, jirani mwenye uwanja wa kuegesha malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mwaka uliopita alikuwa amenunua kwa mzee kipande kirefu cha ardhi kando ya uzio ili apanue uwanja wake, wakakubaliana kwamba kitasawazishwa mvua zikiisha.

"Tulisema mvua zikiisha," mzee alimkumbusha.

"Tulisema, mzee wangu, sikatai. Lakini greda limekuja kwa mtu mwingine hapo mbele, na keshokutwa linarudi Vwawa. Likiondoka, kulipata tena ni majaliwa. Greda si mbuzi kwamba utalifunga kamba lingoje. Kesho asubuhi linaingia hapa."

"Kesho?"

"Kesho. Kwa hiyo hii miiba yako hii uitoe."

"Si yangu."

"Ya nani basi?"

Mzee alivuta taulo lake begani. "Ni ya humu ndani," alisema.

Yonasi akachungulia uani, akaangua kicheko. "Ya huyo anayesalimiana na ukuta?"

Yonasi alipokwisha kuondoka, mzee alikohoa na kurudi chumbani. Edina akaiweka ndoo kwenye jiwe, na mkono wake ulikuwa umekufa ganzi.

Hakurudi jikoni. Alikwenda kwenye uzio.

Zilikuwa pale, safu nzima, fito ndefu zilizoinama na kushikana, miiba yake ikiwa imesimama kama nywele za paka aliyekasirika. Majirani waliziita matunda ya miiba. Edina aliziita rasiberi, kama mama yake alivyoziita kule Isansa. Mama alikuwa mpishi wa misheni katika usichana wake, akaja nyumbani na vipande vya mizizi vilivyofungwa kwenye kitambaa chenye maji. Alipofariki, Edina alikuwa chuoni Mbeya akisomea kilimo. Aliporudi likizo alikuta kaka yake Severini amekwisha kuing'oa safu yote ili aongeze kahawa, na fito zimerundikwa kando zikauke. "Inachana watoto," ndilo jibu alilopewa. Edina alipekua rundo lile mpaka giza likaingia, akakusanya mizizi iliyokuwa bado na uhai, akaitia kwenye gunia lililolowa. Alipoolewa, gunia lile lilikuja naye juu ya paa la basi. Lusajo alitaniwa na wenzake kwamba ameoa mke mwenye mahari ya kuni.

Sasa wazing'oe tena? Alichotaka kilikuwa kidogo tu: zipate mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja kusema ziondolewe. Lakini ni wapi? Upande wake wa uwanja ulikuwa jiko, choo, jiwe la kufulia na kamba ya nguo. Udongo mzuri uliobaki ulikuwa nyuma ya chumba cha mzee, pale alipokuwa na miche yake michache ya kahawa na kigoda cha kuotea jua. Huko Edina hakuwahi kukanyaga.

Na Mama Aida hakuwapo. Alikuwa amevuka mpaka kwenda Nakonde kumwuguza dada yake, na hakusema atarudi lini. Lusajo alikuwa Mkwajuni akiuza spea za pikipiki kwa wachimba dhahabu. Huyo naye alikuwa na wimbo wake: akipata nyumba huko, atakuja kumchukua. Kila aliposema hivyo, Edina alijibu, "Sawa," na usingizi ukampaa.

Alizunguka uwanja. Akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Akachukua jembe, akaliweka, akalichukua tena. Mwishowe alitoka kwenda kwa Loisi, jirani wa nyumba ya pili, kuazima viroba.

"Mwashibukeni, bibi shamba!" Loisi alimpokea kwa Kibemba, kwa sauti ile ile aliyowasalimia wateja wake wa Nakonde. Alikuwa akipanga maboga kwenye toroli. "Mbona umekuja mbio kama umefukuzwa na nyuki?"

Edina alimweleza.

"Basi si umwambie mzee? 'Baba, naomba nipande nyuma ya chumba chako.' Maneno hayafiki hata kumi."

"Siwezi, dada."

"Atakula?"

"Hatanila. Lakini Mama akirudi akasikia nimemsemesha..."

"Ninyi Wandali mna kazi! Sisi kwetu mkwe namfokea akichelewa kula."

"Mimi si Mndali. Ni wao."

"Umeolewa nao, utasemaje si wewe?" Loisi alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Haya, nitakwenda mimi. Ila nikisemwa huko nitasema nimetumwa na bibi shamba wa serikali."

Alikwenda. Edina alibaki kwenye kibaraza cha Loisi, akikaa na kuinuka, akivihesabu viroba na kusahau hesabu. Mbali kidogo malori yalipiga honi kwenye foleni ya mpakani. Wingu lilikuwa likijikusanya upande wa Zambia. Loisi alirudi akitembea polepole, kwa makusudi, ili amtese.

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Nimesikia.'"

"Halafu?"

"Halafu akaingia ndani. 'Nimesikia,' basi. Nilimngoja aongeze, hakuongeza. Nikamuaga."

"Alisema kwa hasira?"

"Alisema kama mtu aliyesikia! Edina, mimi si Mama Aida, sina chumvi ya kuongeza. Chukua viroba vyako."

Nimesikia. Njia nzima Edina alilibeba neno hilo pamoja na viroba. Lingeweza kuwa ndiyo. Lingeweza kuwa niache. Mama Aida angekuwapo angelifikisha likiwa limevaa nguo: Baba amefurahi sana, Baba anasema karibu. Sasa lilikuwa limekuja uchi, naye hakujua alifanyie nini.

Alipofungua geti alisikia mlio mkavu wa mkasi. Kacha. Kacha.

Mzee Damiano alikuwa kwenye uzio, mgongo wake umegeukia geti, mkasi wake wa kupogolea kahawa mkononi. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la shamba ili miiba isimchane. Alifanya kazi kwa utulivu, shina baada ya shina, kama mtu anayemnyoa mtoto. Na kila alipokata, kilichoanguka kilikuwa ufito wa kijani.

Edina alisimama na viroba vyake. Mwanzoni alifurahi, hata machozi yalimlenga: mzee amekuja kusaidia! Kisha aliona rundo lililokuwa miguuni pake, la kijani tupu, na furaha yake ikazimika.

Alielewa mara moja. Mzee alikuwa mtu wa kahawa. Kwenye kahawa shina lililokomaa ndilo mama, na machipukizi yanayotoka chini ni wezi wanaonyonya nguvu zake. Mkulima mzuri huyaondoa yote, na anayeyaacha huchekwa na majirani. Mzee alikuwa akimtengenezea mimea yake kwa heshima zote, kabla haijahamishwa. Lakini rasiberi ni kinyume. Mama yake alimfundisha akiwa bado mdogo: ufito mwaka wa kwanza hukua tu, mwaka wa pili huzaa, kisha hufa. Ukikata, kata ule wa kahawia uliokwisha kuzaa. Wa kijani ni wa mwaka kesho. Mzee alikuwa akikata mwaka kesho na kuacha mizee inayokufa.

Edina alikohoa.

Mzee naye akakohoa, bila kugeuka, na kuendelea. Kikohozi kilisema tu kwamba kuna mtu. Hakikuwa na namna ya kusema kosa.

Kacha.

Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Mbuzi wa Mama Aida alikuwa amefungwa kwenye kigingi karibu na rundo, akinyoosha shingo. Edina aliwahi kusikia kwamba huko zamani wakaza mwana walisema na mbuzi au na kuku ili mkwe asikie.

"Wewe mbuzi!" alisema kwa sauti. "Za kijani usiguse! Za kijani ziache!"

Mzee aliinama, akazisogeza fito zilizokatwa mbali na mbuzi kwa mguu, kwa upole, kama anayesema: usijali, nimeshamzuia. Akashika shina jingine.

Nusu ya safu ilikuwa imekwisha. Edina alijiona yuko Isansa mbele ya lile rundo, amechelewa, na mama hayupo. Viroba vilimdondoka.

"Baba."

Mkasi ulisimama.

"Baba, hizo za kijani... hizo ndizo zitakazozaa. Za kahawia ndizo zimekwisha. Rasiberi si kama kahawa. Naomba... naomba usikate tena."

Mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea na shughuli zake. Mzee hakugeuka. Edina aliona mabega yake yakipanda na kushuka ndani ya lile koti, na shingo yake iliyokuwa na mikunjo ikiwa imeganda. Kisha mzee aliuweka mkasi chini, taratibu, akakanyaga fito alizozikata mwenyewe, akaenda chumbani mwake. Mlango ulifungwa bila kishindo. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Edina alichuchumaa pale pale akalia kidogo, si sana, kwa sababu kazi ilikuwa ikimngoja. Aliuokota mkasi. Mpini ulikuwa bado na joto la mkono wa mzee. Alikata ile mizee ya kahawia mpaka chini kabisa, na mashina yale yaliyonyang'anywa fito za kijani aliyagusagusa kwa kidole kutafuta macho kwenye shingo ya mzizi. Yalikuwapo. Madogo, mekundu, kama vichwa vya viberiti. Yangechipua upya, na matunda yangechelewa, lakini yangekuja. Nusu iliyobaki alizipunguza fito zake za kijani zifike urefu wa goti ili zisiyumbe njiani, akachimba kuzunguka kila shina na kulinyanyua na udongo wake, akalitia kwenye kiroba. Miiba ilimchana mikono na hakuisikia.

Alichokisikia ni ukimya wa chumba kile. Kila baada ya shina moja aliinua kichwa. Je, amelala? Ameugua? Anafunga mzigo aende kwao Ileje kwa aibu aliyomtia? Mchana alipeleka ugali na maharage kwenye kistuli nje ya mlango wake wa uani, akakohoa, akaondoka. Aliporudi kuchungulia alikuta chakula kiko vile vile, kimeanza kupoa. Alimpigia Lusajo simu.

"Umemsemesha Baba?" Lusajo aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Kabisa? Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

"Sasa... mngoje Mama."

"Na miche?"

"Ipeleke kwa Loisi. Au irudishe Isansa. Edina, si utakuja huku hivi karibuni? Ya nini kuhangaika na miiba?"

Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kufikia alasiri uzio ulikuwa mtupu. Viroba vilikuwa vimepangwa ukutani mwa jiko kama abiria waliokosa gari. Majani yalianza kulegea. Edina alivinyunyizia maji, akavihamishia kivulini, kivuli kikahama, akavihamisha tena. Alitoka mpaka getini kutazama barabara ya Nakonde, kama kwamba Mama Aida angetokea kwa kutazamwa. Akarudi. Akaosha sufuria safi. Mwishowe alianza kufunga viroba midomo kwa kamba, vile vya kwenda Isansa, huku akijua kabisa kwamba Severini atavitupa. Kila fundo alilolifunga alilifungua.

Manyunyu yalipoanza ndipo aliposikia jembe.

Lilikuwa likipiga nyuma ya chumba cha mzee. Alisikiliza, ameshika kamba. Lilipiga, likanyamaza, likapiga. Miguu yake ilikwenda yenyewe mpaka kwenye pembe ya nyumba, mstari ule ambao hakuwahi kuuvuka, na hapo ikasimama.

Mzee Damiano alikuwa amechimba. Miche yake miwili ya mwisho ya kahawa alikuwa ameing'oa na kuilaza kando, na mahali pake, kuelekea ukutani, palikuwa na mashimo yaliyopangwa kwa kamba. Yalikuwa mashimo ya kahawa, mapana, yenye kina cha kumzamisha kuku, makubwa mno kwa rasiberi. Udongo wa juu ameuweka upande mmoja, wa chini upande mwingine, kama inavyotakiwa. Alikuwa amelowa. Chumba chake kilikuwa na mlango mdogo upande huu, na Edina alitambua kwamba mzee alikuwa ametokea huku muda mrefu, bila kupita uani, ili asikutane naye.

Mzee alihisi mtu. Aliacha kuchimba, akakohoa, akaugeukia ukuta.

"Mama Aida akirudi," aliuambia ukuta, "amwambie wa humu ndani kwamba mashimo yako tayari. Kama anataka. Na amwambie kwamba mtu aliyekosea si lazima... amwambie tu."

Edina alishika pembe ya nyumba. Asubuhi alikuwa amesema kwa sababu ya fito. Sasa hakukuwa na mkasi wa kuuzuia, wala haraka. Angeweza kurudi jikoni, akangoja Mama Aida, na neno hili nalo likaja kwake siku nyingine likiwa limevalishwa.

"Mama hayupo," alisema. "Hakuna mtu wa kuniambia, Baba. Niambie wewe mwenyewe."

Mvua iliongezeka kidogo. Mzee alisimama akiutazama ukuta, jembe limeegemea tumboni mwake, na Edina aliinamisha macho akaona buti zake zilizojaa matope. Buti zile zikasogea. Moja, kisha nyingine, mpaka ncha zake zikamwelekea yeye. Aliinua macho. Miaka yote alidhani ule ni uso mkali. Ulikuwa uso wa Lusajo uliochoka, na macho yake yalikuwa yanaogopa kama yake.

"Edina," mzee alisema. Jina lilitoka kwa shida, kama mwiba. "Lusajo aliniambia atakupeleka Mkwajuni. Asubuhi nilipochukua mkasi nilisema moyoni, miche hii ikipona hapa, huyu mtoto hataondoka. Nikaikata vibaya. Mama Aida akirudi nitamweleza mimi, wewe usiogope. Lete viroba. Panda hapa, mwanangu, uje kuitazama kila siku hata mimi nikiwa nimekaa. Sitaki uende."